Namna ya Kukadiria Idadi ya Wenye Maradhi ya Uchovu Sugu: Mwongozo kwa Watakaohesabu Lamu

Mama yangu mdogo wa Matondoni alikuwa akisuka ukili, yaani utepe wa miyaa wa kushonea mikeka, pima nne kwa siku, na bado akapika, akateka maji na kwenda kutafuta miyaa. Baada ya homa iliyomshika wakati chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ilipoingia kisiwani, ukili wake ulipungua ukawa pima moja, na siku aliyojikaza akafikisha mbili alilala siku mbili zilizofuata katika chumba cha ndani, mlango umerudishwa, hataki mwangaza wala mazungumzo. Alipimwa malaria mara nyingi, akapewa vidonge vya kuongeza damu, kisha akaambiwa hana ugonjwa. Baadhi ya jamaa walisema ni uvivu, wengine wakasema ni husuda. Miaka kadhaa baadaye, nilipokuwa nimeingia katika kazi ya kumbukumbu za afya, nililifungua daftari la kituo alikokuwa akitibiwa. Jina lake limeandikwa mara sita: katika safu ya ugonjwa mara tatu pameandikwa malaria, mara mbili maumivu ya viungo, na mara ya mwisho pameachwa patupu.

Nafasi ile tupu ndiyo iliyonifanya niandike mwongozo huu. Unamfaa afisa wa kumbukumbu, mwanafunzi wa utabibu, mhudumu wa afya ya jamii au mpangaji wa kaunti anayetaka kujua kwa haki ni watu wangapi wa Lamu, au wa Kenya nzima, wanaoishi na maradhi ya uchovu sugu, ambayo katika maandishi ya kitaalamu hufupishwa kwa herufi ME/CFS. Hesabu hii inawezekana, lakini ina mitego mingi kuliko hesabu ya malaria au ya kisukari, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu kinachoyathibitisha. Kila kitu hutegemea fasili uliyoichagua, mahali uliposimama kuhesabu, na namna ulivyouliza.

Kwanza amua unamhesabu nani

Uchovu wenyewe si maradhi haya. Mvuvi aliyekesha baharini huamka na mavune, mama mwenye mtoto mchanga hulala usingizi wa mang'amung'amu, na mwenye upungufu wa damu hupanda ngazi chache akahema. Wote hao wamechoka, na huenda hakuna hata mmoja wao tunayemtafuta. Ukianza kazi kwa kuuliza watu kama huchoka, utarudi na mji mzima kwenye karatasi zako.

Fasili ninayoiona inafaa zaidi kwa kazi ya nyumba kwa nyumba ni ile iliyotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2015, kwa sababu masharti yake ni machache na kila moja linaweza kuulizwa kwa Kiswahili cha kila siku. Sharti la kwanza ni kwamba mtu amepungukiwa sana na uwezo wa kufanya shughuli alizokuwa akizifanya kabla hajaugua, hali hiyo imezidi miezi sita, na inaandamana na uchovu mzito ambao hakuzaliwa nao, hautokani na kazi nyingi anayoendelea kuifanya, wala hauondoki akipumzika. La pili ni kuzidiwa baada ya kujishughulisha, yaani kazi ya mwili au ya akili ambayo zamani hakuihisi sasa humwangusha, mara nyingi si pale pale bali baada ya saa kadhaa au kesho yake. La tatu ni usingizi usioburudisha. Juu ya hayo matatu lazima awe na moja kati ya mawili: ama kumbukumbu na fikra zimevurugika, ama hali yake huwa mbaya akisimama au kukaa wima na hupata nafuu akijinyoosha.

Ipo fasili ya mwaka 1994 ambayo ndiyo iliyotumika zaidi katika tafiti za zamani. Hiyo hudai uchovu wa miezi sita pamoja na dalili nne kati ya nane zilizoorodheshwa, na kuzidiwa baada ya kujishughulisha ni moja tu ya hizo nane, kwa hiyo mtu anaweza kuhesabiwa bila kuwa nako kabisa. Kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa, maana kuzidiwa huko ndiko kunakomtenganisha mgonjwa wa maradhi haya na mtu aliyechoka kwa sababu nyingine. Hata hivyo, ukitaka kulinganisha tarakimu zako na za wengine, kusanya majibu yatakayokuwezesha kuhesabu kwa fasili zote mbili. Andika uamuzi wako kabla hujatoka kwenda kwenye nyumba ya kwanza, kwa kuwa anayechagua fasili baada ya kuona majibu hujikuta anachagua jibu.

Kabla ya kunukuu tarakimu ya mtu, uliza alisimama wapi

Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka, yaani kibaraza cha mlangoni, mbele, halafu kiwanda, yaani ua, halafu msana, yaani ukumbi mrefu, kisha ndani. Anayehesabu watu akiwa ameketi dakani atawaona wanaotoka na kuingia, na atasema nyumba ina watu watano, ilhali wa sita amelala ndani na hajatoka tangu mwezi uliopita. Tarakimu za maradhi ya uchovu sugu zinazosomwa duniani hutofautiana sana kwa sababu hiyo, na msomaji asiyejua mhesabuji alifika chumba gani atadhani wanapingana.

Wako waliouliza watu kama wameshaambiwa na daktari. Katika uchunguzi wa kaya wa afya ya taifa wa Marekani wa mwaka 2021 na 2022, watu wazima waliulizwa kama daktari au mtaalamu mwingine wa afya aliwahi kuwaambia wana maradhi haya na kama bado wanayo. Asilimia 1.3 walisema ndiyo. Wanawake walikuwa asilimia 1.7 na wanaume 0.9, na kiwango kilipanda kwa umri hadi kufikia asilimia 2.0 kwa wenye miaka 60 hadi 69, kisha kikashuka. Wenye kipato kidogo na wanaoishi mbali na miji mikubwa walikuwa na kiwango cha juu zaidi. Uchunguzi huo una nguvu kwa kuwa ni wa nchi nzima, lakini unategemea kama mtu aliwahi kumfikia daktari anayeyajua maradhi haya, na hakuna aliyempima mjibuji kuhakikisha. Swali hilo hilo likiulizwa Kizingitini au Kiunga litaleta karibu sifuri, na sifuri hiyo itakuwa habari ya madaktari, haitakuwa habari ya wagonjwa.

Wako waliofungua kumbukumbu za hospitali. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha hesabu iliyotokana na kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 62 wa England, wakakadiria kwamba Uingereza nzima ina watu wapatao 404,000 wenye maradhi haya, wakati kwa miaka mingi tarakimu iliyokuwa ikinukuliwa ilikuwa 250,000. Jambo lililonigusa zaidi katika kazi hiyo ni kwamba Wazungu walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kuandikiwa ugonjwa huo kuliko watu wa asili nyingine. Hakuna sababu ya kuamini kwamba miili inatofautiana kiasi hicho. Kinachotofautiana ni nani anasikilizwa anapokaa mbele ya meza ya daktari.

Na wako walioingia ndani. Utafiti wa mji wa Chicago, Marekani, uliochapishwa mwaka 1999 ulipiga simu kwa nyumba zilizochaguliwa bila upendeleo, ukazungumza na watu wazima 18,675, kisha ukawaita waliotiliwa shaka wapimwe na madaktari. Ulipata asilimia 0.42, na takriban tisa katika kila kumi ya waliopatikana walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Utafiti wa mji wa Wichita, huko huko Marekani, uliochapishwa mwaka 2003, ulipata asilimia 0.235. Miaka minne baadaye utafiti wa jimbo la Georgia ukatoa asilimia 2.54, zaidi ya mara kumi ya ule wa Wichita, ingawa nyuma ya zote mbili kulikuwa na taasisi ile ile ya serikali ya kudhibiti magonjwa. Hakukuwa na tauni iliyoingia katikati. Njia ya kuitumia fasili ilibadilishwa, ikawa pana, na wataalamu wengi wakailaumu kwamba imewachanganya wagonjwa hawa na watu wenye sonona.

Kwa sisi wa Afrika, tarakimu iliyo jirani zaidi ni ya Nigeria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipata asilimia 0.68 ya watu wazima, na watafiti wakataja malaria, homa ya matumbo na uhaba wa huduma za afya kama mambo yanayoweza kuwa yamekipandisha kiwango hicho.

Ili uone uzito wa tofauti hizi, chukua mfano wa watu wazima 75,000, kisha uzidishe. Kwa kiwango cha Wichita utapata wagonjwa wapatao 176. Kwa cha Chicago ni 315, kwa cha Nigeria 510, kwa cha Marekani nzima 975, na kwa cha Georgia 1,905. Mpangaji wa kaunti akipewa tarakimu ya kwanza huenda akafunga faili, na akipewa ya mwisho ataitisha kikao. Kwa hiyo usikope asilimia ya nchi nyingine ukaizidisha kwa idadi ya watu wa Lamu, ambao katika sensa ya mwaka 2019 walikuwa 143,920, kisha ukaiita hesabu ya Lamu.

Daftari zetu zitakwambia nini

Machache. Fomu za muhtasari wa wagonjwa wa nje ambazo vituo vyetu hujaza kila mwezi zinafuata zaidi magonjwa yanayoua na kuambukiza, na mtu wa aina ya mama yangu mdogo huishia kwenye mstari wa magonjwa mengine, au hugawanywa katika mistari mitatu tofauti kwa ziara tatu. Unaweza kuzipitia ili ujue ni watu gani hurudi mara kwa mara kwa unyonge usioelezeka, na hilo litakusaidia kupanga, lakini usijenge juu yake kiwango chochote.

Lamu yenyewe ina mfano mzuri wa namna ya kutoka nje ya daftari. Chikungunya ilipolipuka hapa mwaka 2004, watafiti hawakutosheka na orodha ya waliofika hospitali. Walichagua wakazi wa kisiwa bila upendeleo, wakawatoa damu, na wakakuta asilimia 75 wana alama za kuambukizwa. Wale waliojilaza nyumbani wakajipaka mafuta na kungoja ipite nao walihesabiwa. Kwa maradhi ya uchovu sugu hatuna damu ya kupima, lakini mwendo ni ule ule wa kumfuata aliko mtu ambaye hakuja.

Kuchagua watu

Amua ukubwa wa kundi kabla ya jambo lolote, kwa sababu ugonjwa ulio chini ya mtu mmoja katika mia hauonekani katika kundi dogo. Ukihoji watu wazima 1,000 na kiwango halisi kikiwa asilimia 0.7, utegemee wagonjwa saba, na kwa bahati tu ungeweza kupata watatu au kumi na wanne, kwa hiyo utakachoweza kusema ni kwamba kiwango kiko kati ya asilimia 0.3 na 1.4. Ukihoji 4,000 na kupata wagonjwa 28, nafasi hiyo hupungua ikawa kati ya takriban asilimia 0.5 na 1.0. Anayepewa bajeti ya watu 300 na akaambiwa alete kiwango cha kaunti ni bora aseme wazi kwamba haiwezekani, na aitumie fedha hiyo kujaribia maswali.

Angalia pia mgawanyo. Katika watu 143,920 wa sensa, Lamu Mashariki ilikuwa na 22,258 tu, na waliobaki wote walikuwa Lamu Magharibi. Ukichagua watu 2,000 kwa uwiano huo, Faza, Pate, Siyu, Kiwayu na Kiunga kwa pamoja zitapata wapatao 309, ambao ndani yao unategemea wagonjwa wawili. Kama unataka kusema lolote kuhusu maeneo hayo, chukua watu wengi zaidi kutoka huko, kisha katika hesabu ya mwisho uwarudishie uzito wao halisi.

Kwa orodha ya nyumba, rejista za wahudumu wa afya ya jamii ndizo zinazofaa, kwa kuwa kila mmoja anazijua kaya zake, na mji wa Lamu hauna namba za nyumba za kutegemea. Chagua maeneo kwa kura, kisha nyumba kwa kura, kisha mtu mzima mmoja katika kila nyumba kwa kura. Kura ya mwisho ina umuhimu mkubwa, maana ukihoji aliyefungua mlango utakuwa umemhoji mwenye nguvu za kufungua mlango. Kumbuka kuandika watu wazima wa nyumba ni wangapi, kwa sababu aliyechaguliwa katika nyumba ya watu sita amewabeba sita na aliyekaa peke yake amejibeba mwenyewe.

Inakadiriwa kwamba robo ya wagonjwa hawa huwa katika hali ya kutotoka nyumbani au kitandani kabisa. Hao hawatakuja barazani ukipiga mbiu, hawatafika kwenye kambi ya matibabu ya bure, na wakati mwingine watu wa nyumba hawatawataja mpaka uulize kwa upole kama yupo mtu mwingine aliyelala. Katika nyumba zetu hilo halifanyiki na mwanamume mgeni. Awepo mhojaji mwanamke, apige hodi, asalimie kwa taratibu za nyumba, aombe ruhusa ya mwenye nyumba na kisha ya mgonjwa mwenyewe, na aingie hadi ndani. Akimkuta mtu asiyeweza kuzungumza zaidi ya dakika kumi, ayagawe mahojiano kwa siku mbili au tatu, maana mahojiano ya saa nzima yenyewe yanaweza kumwangusha. Nimeona fomu zilizoandikwa "amekataa" kwa mtu ambaye hakukataa, bali alishindwa kukaa.

Muda nao una neno lake. Usihoji mwezi wa Ramadhani wala majuma mawili yanayofuata, kwa kuwa usingizi na mlo wa karibu kila mtu vimebadilika. Usihoji siku za Maulidi, mji ukiwa umejaa wageni na wanawake wakiwa majikoni hadi usiku. Katika kusi kali wavuvi wengi wako nyumbani na ni rahisi kuwapata, wakati katika kaskazi wanaweza kuwa mbali na kwao kwa majuma mengi, hivyo panga kurudi mara tatu kabla hujaandika kwamba mtu hapatikani.

Vibali visisahauliwe: kamati ya maadili ya utafiti, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na idara ya afya ya kaunti.

Kuuliza

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na ningependa msomaji akae kidogo. Neno "nimechoka" katika Kiswahili chetu lina mambo mengi ndani yake. Mtu huchoka na maisha, huchoka na mume, huchoka akimaanisha hana pesa. Neno "uchovu" likitumiwa peke yake litakuletea majibu ya hayo yote. Kinachofaa ni kuuliza habari ya siku ya mtu, na umwachie yeye maneno ya kuieleza.

Mimi huanza hivi: "Kabla hujaanza kuugua, siku yako ilikuwaje tangu alfajiri hadi isha? Na sasa ikoje?" Swali hili huleta vipimo ambavyo hakuna fomu ingevifikiria. Msukaji atakutajia pima za ukili, fundi wa mashua atakutajia mbao, mwalimu atakutajia vipindi, na mkulima wa Mpeketoni atakutajia mistari ya mahindi aliyoipalilia. Andika kipimo hicho kama alivyokitaja, cha zamani na cha sasa, kwa sababu upungufu wa kutoka pima nne hadi moja ni ushahidi mzito kuliko alama ya saba katika kumi.

Kwa kuzidiwa baada ya kujishughulisha, uliza: "Ukifanya jambo kuzidi kadiri yako, kama kwenda sokoni kwa miguu, kufua, au kukaa na wageni muda mrefu, unakuwaje siku hiyo, kesho yake na kesho kutwa? Inakuchukua siku ngapi kurudi ulivyokuwa?" Usikatishe kwenye kesho. Wengi husema siku ya kwanza walikuwa salama, na msiba hushuka kesho kutwa. Mtu mwenye sonona mara nyingi atakwambia kwamba akitoka na kujishughulisha hupata ahueni, na tofauti hiyo huonekana katika jibu la swali hili kuliko katika jingine lolote.

Kwa kushindwa kukaa wima nina swali ambalo halimo katika fomu za nje, nalo limenisaidia sana miongoni mwa Waislamu wa visiwani: "Unasali umesimama au umekaa? Tangu lini?" Mtu mwenye miaka arobaini aliyeanza kusali ameketi anajua mwezi na mara nyingi anajua siku, kwa sababu halikuwa jambo dogo kwake. Kwa wengine uliza habari ya foleni ya maji au kusimama kanisani. Kwa fikra uliza kama hupotewa na neno analolijua, au hushindwa kufuata mawaidha hadi mwisho. Kwa usingizi inatosha kuuliza mwili unakuwaje akiamka baada ya kulala usiku kucha, na uongeze swali la mirungi na muguka, ambavyo hukesheza watu kwa sababu nyingine kabisa.

Miezi sita haihesabiwi na kila mtu kwa kalenda ya ukutani. Uliza kama hali ilianza kabla ya Ramadhani iliyopita, au katika kusi au kaskazi ipi. Uliza pia ilianza vipi, kwa kuwa wagonjwa wengi hukumbuka homa au mafua yaliyotangulia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa Januari 2025 ulikuta kwamba asilimia 4.5 ya waliowahi kuambukizwa korona walitimiza masharti ya maradhi haya, ukilinganisha na 0.6 ya ambao hawakuambukizwa, kwa hiyo swali la korona liwemo.

Maswali yakishaandikwa, yajaribiwe kwa watu ishirini au thelathini katika kila lugha utakayoikuta. Kiswahili cha redio hakitoshi kwa bibi wa Kibajuni wa Ndau au mfugaji wa Kiorma wa karibu na Witu. Mtu mmoja atafsiri, mwingine asiyeyajua maswali ya asili ayarudishe, kisha mkae muone maana imepotea wapi. Na katika fomu nzima neno "uvivu" lisitokee mahali popote.

Kuwaondoa wasiohusika

Maswali peke yake hayatoshi, na hesabu fupi itaonyesha kwa nini. Tuseme fomu yako ni nzuri kiasi kwamba katika kila watu mia wasio na maradhi haya huwakosea watano tu. Katika watu 1,000 wenye wagonjwa saba, itawanasa wale saba, na pamoja nao takriban hamsini wasio nayo. Ukichapisha tarakimu ya fomu utasema karibu asilimia sita, wakati ukweli ni 0.7. Ndiyo maana kila aliyepita kwenye maswali lazima aonane na tabibu na apimwe.

Hapa pwani orodha ya vipimo ni ndefu kuliko ya Chicago: wingi wa damu, sukari, homoni ya tezi, figo na ini, virusi vya ukimwi, kifua kikuu, malaria, kichocho, na seli mundu kwa anayestahili. Kwa wanaokunywa maziwa mabichi ongeza brusela, na kwa wanawake uliza mimba. Dawa anazotumia mtu ziandikwe zote, za hospitali na za miti shamba.

Hapo hujitokeza swali gumu ambalo nina msimamo nalo. Upungufu wa damu ni wa kawaida sana kwa wanawake wetu, na ukimwondoa kila mwenye damu chache utakuwa umewaondoa wanawake wengi, ambao ndio maradhi haya huwapata zaidi. Mimi sikubali waondolewe moja kwa moja. Watibiwe, waonwe tena baada ya miezi mitatu, na kama damu imerudi na hali ni ile ile, wahesabiwe. Kwa hiyo rejista yako iwe na makundi matatu: waliothibitika, wanaosubiri, na walioondolewa pamoja na sababu ya kuondolewa kwao. Sonona peke yake isiwe sababu ya kumwondoa mtu aliyetimiza masharti yote, maana wengi huipata baada ya miaka ya kuugua bila kuaminiwa.

Kuandika matokeo

Usiandike asilimia peke yake. Mfano wa sentensi inayofaa, kwa tarakimu za kubuni, ni huu: "Katika watu wazima 4,000 waliochaguliwa kwa kura kutoka kaya za Lamu Mashariki na Magharibi, 28 walithibitika kutimiza fasili ya mwaka 2015 baada ya kupimwa na tabibu, sawa na asilimia 0.7, wengine 15 wanasubiri kuonwa tena, na 210 hawakuweza kuhojiwa, ambao kati yao 34 ilielezwa ni wagonjwa." Kisha taja nafasi ambamo kiwango halisi kinaweza kuwa, kutoka chini hadi juu, na ukumbuke kwamba ukichagua watu kwa maeneo badala ya mmoja mmoja nafasi hiyo hupanuka, kwa hiyo mtaalamu wa takwimu aihesabu ipasavyo. Toa tarakimu ya wanawake na ya wanaume kila moja peke yake, na eleza ni wangapi waliwahi kuambiwa jina la maradhi yao kabla ya siku ile.

Wale 34 wasifichwe kwenye kiambatisho. Wao ndio waliolala ndani, na msomaji ana haki ya kujua kwamba tarakimu yako huenda ni ndogo kuliko ukweli kwa sababu yao.

Waliohesabiwa nao warudiwe kabla ya ripoti kupelekwa kokote. Hakuna dawa inayoyaponya maradhi haya, lakini mtu anaweza kuambiwa jina la kinachomsumbua, na anaweza kufundishwa kuzigawa nguvu zake. Asishauriwe kujilazimisha mazoezi yanayoongezwa siku hadi siku, ushauri ambao mwongozo wa tiba wa Uingereza uliuondoa mwaka 2021. Nilipomweleza hivyo mama mdogo alinisikiliza kimya, akaniuliza kama wako wengine, nikamwambia wako. Siku hizi husuka ukili urefu wa dhiraa moja baada ya chai ya asubuhi, akauweka chini angali na nguvu, akajinyoosha kitandani hadi adhuhuri, kisha akasuka dhiraa nyingine baada ya alasiri.